Tulimfungia Mjomba kwa Upendo

Kwa miezi minne mwaka jana nilikuwa askari magereza nyumbani kwangu mwenyewe, hapa Mzinga, chini ya milima ya Uluguru. Mfungwa wangu alikuwa mjomba wangu, kaka yake marehemu mama, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzee wa miaka 82. Kosa lake lilikuwa kutembea.

Mjomba alihamia kwangu baada ya kufiwa na mkewe. Kwa sisi Waluguru, ambao ukoo wetu hufuata upande wa mama, mjomba si mgeni katika nyumba ya mpwa wake. Ndiye aliyenilipia ada, ndiye aliyesimama posa yangu ilipopelekwa. Kumpokea hakukuwa hisani, kulikuwa deni. Nilimpa chumba kinachotazama mlima, nikamnunulia redio, nikaamini kwamba nimemaliza.

Siku moja ya Machi hakuonekana. Tulimtafuta kuanzia saa nne asubuhi mpaka jua lilipokaribia kuzama, na hatimaye kijana wa bodaboda akamleta akiwa na viatu vilivyojaa matope. Alikuwa mbali, katika njia ya kupandia mlimani, ameketi juu ya jiwe akipumzika. Wiki mbili baadaye ikatokea tena. Mara hii mvua ilimnyeshea, akapata homa, na tukakesha naye hospitali siku tatu. Niliporudi nyumbani nilipitia dukani, nikanunua kufuli kubwa la geti. Hakuna aliyepinga. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam alinipongeza kwa simu: "Hapo umefanya la maana."

Mjomba hakugomba. Alitoa kigoda chake barazani akakiweka karibu na geti, akawa anashinda hapo. Baada ya muda akaacha kusikiliza redio. Kisha akaanza kubakiza chakula. Jioni moja nikiwa narudi kazini, nikafungua kufuli, nikamwamkia kama kawaida.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu." Akaniangalia nilivyokuwa nikirudishia kufuli mahali pake, kisha akauliza kwa ile sauti ya mwalimu anayetaka mwanafunzi ajibu kwa sentensi kamili: "Hivi hukumu yangu mimi ni ya miaka mingapi?"

Sikuwa na jibu. Nilicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa, nikaingia ndani.

Katika muhula huo huo nilikuwa nikiandaa mihadhara juu ya sera ya hifadhi ya jamii kwa wazee, na kazi hiyo ilinipeleka mahali ambapo sikutazamia: kwa Marafiki, yaani Waquaker. Wengi wetu Tanzania hatuwafahamu sana. Majirani zetu wa Kenya wanawafahamu vizuri zaidi, kwani tangu Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walipofungua misheni Kaimosi mwaka 1902, Kanisa la Marafiki lilienea katika magharibi ya Kenya kiasi kwamba leo nchi hiyo ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Lakini hata sisi tuna sehemu yetu katika historia hiyo, na inaanzia Pemba.

Mwezi Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alitoa amri iliyoondoa nguvu ya kisheria ya utumwa. Marafiki wa Uingereza, waliokuwa miongoni mwa waliopiga kelele zaidi kutaka amri hiyo, hawakuridhika na karatasi. Walituma watu wao, Theodore Burtt akiwa kiongozi, wakanunua shamba mahali panapoitwa Banani, karibu na Chake Chake, ili waliokuwa watumwa wapate mahali pa kuishi na kazi ya ujira. Walikuwa wameona jambo ambalo wanasheria hawakulipa uzito. Amri ile haikumwacha mtumwa huru moja kwa moja. Ilimtaka aende mahakamani kudai uhuru wake, na akishaupata aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe kuwa mzururaji. Masuria hawakupewa haki hiyo sawa na wengine, wakasubiri mpaka 1909.

Hebu msomaji mfikirie mtumwa aliyekuwa na miaka sabini mwaka 1897. Mikono yake haichumi tena karafuu. Kijiji alichotekwa akiwa mtoto, pengine nyuma ya milima hii hii ninayoiona dirishani kwangu, hakijui tena njia yake. Akidai uhuru wake ataulizwa: utaishi wapi, utakula nini? Ni rahisi kuelewa kwa nini wazee wengi wa namna hiyo wangeona heri kubaki pale walipo. Uhuru usio na ugali wala paa ni mzigo kwa mtu aliyezeeka. Lakini sentensi hiyo ina nusu ya pili ambayo nilikuwa nimeisahau nilipokuwa nikinunua kufuli: ugali na paa visivyo na uhuru navyo vina jina lake, na Pemba walilijua jina hilo.

Nisiwapambe Marafiki kupita kiasi. Huko Pennsylvania, Marekani, walikuwapo Marafiki waliomiliki watumwa kwa miongo mingi. Kundi dogo la Germantown liliandika kupinga jambo hilo mwaka 1688, lakini ilichukua mpaka 1776 kwa mkutano mkuu wa Philadelphia kuwakataza kabisa wafuasi wake kumiliki watu. Karibu miaka tisini ya kuongea, kunyamaza na kuongea tena. Kinachonivutia ni kwamba, walipokwisha kulikubali kosa, hawakuliacha lilale katika vitabu. Walianza kuuliza maswali ya namna hiyo juu ya watu wengine waliofungwa.

Mwaka 1790, mjane mmoja wa Marafiki, Hannah Mills, alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini York, Uingereza. Marafiki waliotaka kumwona walizuiwa, na baada ya wiki chache alikufa. Mfanyabiashara wa chai, William Tuke, hakuikubali hali hiyo kuwa ya kawaida. Mwaka 1796 Marafiki walifungua nyumba yao wenyewe, The Retreat, ambako minyororo iliwekwa kando na wagonjwa wakatendewa kama watu wa nyumbani: walilima bustani, walikunywa chai mezani, walizungumzishwa kwa heshima. Madaktari wa zama zile waliamini kwamba mnyororo ni sehemu ya tiba.

Zaidi ya miaka mia moja na sabini baadaye, wajukuu wa wazo hilo wakalipeleka kwa wazee. Huko Pennsylvania, Marafiki walifungua kijiji cha wastaafu cha Foulkeways mwaka 1967, na mwaka 1973 kikafuata cha Kendal huko Longwood. Mpango ni huu: mtu huingia akiwa bado na nguvu, hulipa kiingilio na ada ya kila mwezi, na jumuiya huahidi kumtunza hata atakapougua. Wakazi huunda kamati zao, na mila ya Marafiki ya usahili, usawa na amani huonekana katika mambo madogo ya kila siku. Katika mikutano yao ya ibada, Marafiki wa upande ule hukaa kimya pamoja, na anayeguswa kusema husema. Katika mikutano ya shughuli hawapigi kura. Karani husikiliza mpaka aone mwelekeo wa wote, na kama haupo, jambo husubiri.

Jambo lililonishika zaidi lilikuwa moja. Wakati Kendal inaanza, ilikuwa desturi katika nyumba nyingi za kutunzia wazee Marekani kuwafunga kwenye viti na vitanda, kwa mikanda na fulana maalumu, ili wasianguke. Wauguzi walifanya hivyo kwa nia njema. Familia zilishukuru. Kendal ikaamua tangu mwanzo kwamba haitamfunga mzee yeyote, na katika miaka ya 1980 ikaanzisha kampeni ya kuwafungua wazee nchi nzima. Mwaka 1987 sheria ya nchi hiyo ikatamka kwamba mkazi wa nyumba ya wazee ana haki ya kutofungwa kwa ajili ya adhabu au kwa urahisi wa watumishi.

Nilisoma maneno hayo, "kwa urahisi wa watumishi", nikiwa ofisini, na ufunguo wa geti ukiwa mfukoni.

Sipendekezi tuige vijiji hivyo kama vilivyo. Viingilio vyao ni vya watu wenye nyumba za kuuza na akiba ya maisha mazima. Fukara wa Philadelphia hafiki mlangoni. Kwetu hapa, mtumishi wa umma anayekaribia miaka 60 yumo katika hesabu nyingine kabisa. Tangu mifuko ilipounganishwa mwaka 2018, neno kikokotoo limekuwa neno la nyumbani. Julai 2022 mkupuo uliwekwa asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa na haki ya asilimia 50, na asilimia 35 kwa wale wa asilimia 25. Tumebishana juu ya asilimia hizo kwenye vyama vya wafanyakazi, bungeni na kwenye daladala, na tulikuwa na haki ya kubishana. Lakini wakulima wetu, akina mama wa sokoni Mawenzi, waashi na wapagazi hawamo hata katika ugomvi huo. Zanzibar ilithubutu, Aprili 2016, kuanza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza kama alichangia. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee, iliyotolewa kwanza mwaka 2003, tuna makao ya serikali kwa wazee wasio na wa kuwatunza, likiwamo la Fungafunga hapa hapa Morogoro, na tuna mabaraza ya wazee. Hatuna pensheni ya wote.

Hayo ni madai yangu kwa serikali, na nitaendelea kuyatoa. Ila nimegundua kwamba tunapozungumzia wazee tunajua kuuliza nani atalipa, wakati lile la nani ataamua linatupita. Tunapenda kusema kwamba sisi Waafrika hatuwatupi wazee wetu, na kwamba makao ya wazee ni mambo ya Wazungu. Mimi pia nimeyasema darasani, na wanafunzi wakapiga makofi. Je, mzee aliyekaa nyumbani kwa mwanawe, ameshiba, amevaa, na hajaulizwa neno lolote kwa miaka mitatu, hajatupwa? Ametupwa ndani ya nyumba.

Milima hii ina kumbukumbu yake juu ya kufanyiwa mema bila kuulizwa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi mashambani mwao ili kuokoa udongo. Udongo kweli ulikuwa ukimomonyoka, wataalamu hawakudanganya. Lakini waliokuwa wakilima miteremko ile hawakushirikishwa, walipigwa faini na kusukumwa, na mwaka 1955 watu wakakusanyika kwa hasira huko Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu akapoteza maisha. Mjomba alikuwa mvulana wakati huo. Aliwahi kunisimulia kwamba watu wazima hawakuyachukia matuta, walichukia kuoneshwa shamba lao wenyewe kwa kidole.

Mwezi Julai tuliitisha kikao cha familia. Walikuja ndugu kutoka Dar es Salaam na Dodoma, na mmoja aliyeko ng'ambo akawekwa kwenye simu juu ya meza, na kama ilivyo ada, aliye mbali ndiye aliyezungumza kwa sauti kubwa kuliko wote. Mmoja alitaka tumwajiri kijana wa kumlinda mchana kutwa. Mwingine alitaja makao, akazomewa kabla hajamaliza sentensi. Wa tatu alisema apelekwe Mgeta kwenye ardhi ya ukoo, ingawa huko hakuna aliyebaki wa kumpikia. Mabishano yalidumu saa nzima. Mjomba alikuwa ameketi katika kiti cha pembeni, fimbo mapajani, akitazama kutoka kwa msemaji mmoja hadi mwingine kama mtu anayesikiliza kesi ya jirani.

Sijui kama ilikuwa mihadhara yangu au aibu tu. Niliomba tunyamaze. Nikasema hatutasema neno tena mpaka mjomba aseme, na asipotaka kusema leo tutarudi wiki ijayo. Tukakaa. Ni jambo gumu sana, watu tisa kukaa kimya sebuleni. Feni ilisikika. Mtoto wa jirani alilia akabembelezwa. Sauti kwenye simu ikauliza, "Haloo? Mtandao umekata?" na dada yangu akaizima sauti kwa kidole. Zilipita kama dakika kumi, kisha mjomba akakohoa.

"Mnasema ninapotea," alisema. "Sipotei. Nilikuwa nakwenda kumwona mama yenu."

Dada yangu akaanza kulia, kwa sababu mama alikwishafariki miaka sita iliyopita, na sote tulidhani sasa tumesikia uthibitisho kwamba akili imemtoka. Mjomba akamwinulia kiganja.

"Najua amekufa. Nilimzika mimi, ninyi mkarudi mjini. Kaburi lake liko Mgeta na halijapaliliwa. Niliwaambia mwaka juzi. Niliwaambia tena Pasaka. Mkasema, tutaangalia. Basi nikaona niende mwenyewe."

Alikuwa ametuambia kweli. Nilikumbuka hata mahali alipokuwa amesimama aliponiambia: jikoni, nami nikiwa nasoma ujumbe kwenye simu.

Tulimuuliza anataka nini, na orodha yake ilikuwa fupi kuliko mapendekezo yetu yote. Alitaka kwenda Mgeta mara moja kwa mwezi. Alitaka jembe lake. Alitaka ufunguo wa geti. Juu ya ufunguo tulibishana tena, na yule wa ng'ambo alisema, na ninamheshimu kwa kusema kweli yake, kwamba siku mzee atakapogongwa na gari damu yake itakuwa juu yangu. Mjomba akamjibu kwamba damu yake ni yake, wala hajamkabidhi mtu.

Nilimpa ufunguo. Ameufunga kwenye kamba ya kitenge na kuuvaa shingoni. Nimezungumza na vijana wa kijiwe cha bodaboda, na mama muuza maandazi aliye pembeni ya barabara, na mjumbe wa mtaa. Wote wanajua mzee anatembea na wanajua namba yangu ya simu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi ninampeleka Mgeta, na amenifundisha majina ya makaburi ambayo sikuyajua. Chakula anamaliza.

Si hadithi yenye mwisho mwema wa moja kwa moja. Novemba alianguka kwenye mfereji akavunjika kifundo cha mkono, na wiki zile sita za plasta ndugu zangu waliniita majina. Huenda siku moja akasahau kweli njia ya kurudi, na itabidi tuketi upya na kunyamaza upya, na pengine jibu litakuwa tofauti. Ninachojua ni kwamba litakuwa jibu ambalo yeye amekuwapo lilipotafutwa.

Marafiki walimwandikia Mfalme Charles wa Pili mwaka 1660 kwamba wanaikataa vita na silaha zote, na sijui wangesema nini wakisikia ninaishi mahali panapoitwa Mzinga. Kwa Kiswahili chetu neno hilo ni silaha, na pia ni nyumba ya nyuki. Jirani yangu anayefuga nyuki ananiambia kwamba kosa la wafugaji wageni ni kuhofia nyuki watapotea, wakaziba tundu la mzinga. Nyuki waliozibiwa hawakai, hufa.

Kwa hiyo ninawaomba wasomaji wangu mambo matatu, kila mmoja kwa nafasi yake. Wanaharakati, daini pensheni ya wazee wote Bara, kwa sababu asiye na shilingi yake mwenyewe huamuliwa na mwenye nayo. Watumishi wa umma, baraza la wazee linapoletwa mbele yenu msiliite siku ya kupiga picha tu. Liiteni siku ya kupanga bajeti. Na ninyi wanafunzi, mkienda nyumbani likizo hii, ketini na bibi au babu, zimeni simu, na mwulizeni anataka kwenda wapi. Kisha nyamazeni. Inaweza kuchukua dakika kumi.

Ninaandika haya Ijumaa jioni. Mjomba yuko nje anatafuta jembe, kwa maana kesho ni Jumamosi ya kwanza. Nimesikia geti likifunguliwa sasa hivi, na nimejilazimisha nisiinuke kwenda kuchungulia.